Umbo, Damu na Jina la Kasa

Jina ni jepesi kinywani mwa anayelitoa, lakini aghalabu ni zito mgongoni mwa anayelibeba. Mtu akiisha kuitwa mwizi hutazamwa kwa jicho la mwizi hata akiwa safini msikitini. Akiisha kuitwa mwungwana hufunguliwa mlango kabla hajapiga hodi. Wanyama hawasikii majina waliyopewa, wala hawana ulimi wa kuyakana. Walakini majina hayo huwafikia kwa njia nyingine: kwa wavu, kwa kisu, kwa sheria na kwa fedha. Kwa sababu hiyo, kuuliza ni ushahidi upi utoshao kumpa kiumbe jina si kazi ya wataalamu wa wanyama peke yao. Ni swali la ukweli, na mwisho wake ni swali la haki.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawakungoja vitabu ili wawatenge viumbe wenye magamba. Aliye nchi kavu ni kobe. Aliye baharini ni kasa. Na yule wa baharini mwenye mdomo uliochongoka kama wa kipanga, na magamba yaliyopandana kama vigae vya paa, ni ng'amba. Majina haya yalizaliwa na jicho na haja. Kasa alijulikana kwa nyama na mafuta yake. Ng'amba kwa magamba yake, ambayo wafanya biashara wa mbali waliyafuata katika pwani hii tangu karne ya 1, kama kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus kishuhudiavyo. Jicho la mvuvi halikukosea, maana elimu ya leo yakubali kwamba kasa na ng'amba ni aina mbili zilizoachana zamani sana. Lakini tofauti kubwa haimjaribu hakimu. Hakimu hujaribiwa na tofauti ndogo, pale ambapo viumbe wawili wafanana kwa mengi na kupishana kwa machache, na kila upande una shahidi wake. Jaribio la namna hiyo lilitokea katika upande wa mashariki wa Bahari ya Pasifiki.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mwanachuoni wa Uswidi, alimwandika katika orodha yake ya viumbe kasa ambaye leo huitwa Chelonia mydas. Waingereza humwita kasa wa kijani, si kwa gamba lake bali kwa rangi ya mafuta yake. Kasa huyu ameenea katika bahari zote za joto, na ndiye atagaye mayai katika fukwe za Mafia na Lamu. Miaka 110 baadaye, mwaka 1868, Mfaransa Firmin Bocourt alieleza kasa wa pwani ya Guatemala, upande wa Pasifiki, akamwita Chelonia agassizii. Huyo ndiye kasa mweusi, ambaye hutaga katika jimbo la Michoacán nchini Mexico na katika Visiwa vya Galápagos. Mwili wake ni mdogo kuliko wa kasa wengi wa kijani. Gamba lake la mgongo limeinuka, tena limebonyea juu ya mapezi ya nyuma hata likawa na umbo la moyo. Rangi yake yakaribia weusi wa makaa. Na hata gamba la tumbo, ambalo kwa wenziwe huwa la manjano hafifu, kwake huwa la kijivu. Mtu akiwekewa kasa wawili hao ubavu kwa ubavu hahitaji mwalimu wa kumwonyesha tofauti. Basi ilionekana kuwa haki kuwapa majina mawili, na wataalamu wengi wakawahesabu kuwa aina mbili mbalimbali, au spishi mbili kama zisemavyo shule za leo.

Katika kesi hiyo umbo lilikuwa shahidi mkuu kwa zaidi ya miaka 100. Kisha akaja shahidi wa pili. Ndani ya kila chembe ya mwili ulio hai mna maandishi ya urithi, yaani DNA, ambayo mzazi humpa mtoto. Katika kunakiliwa kwake kizazi baada ya kizazi, mabadiliko madogo huingia, kama yaingiavyo makosa ya kalamu katika utenzi ulionakiliwa na waandishi wengi. Mwenye kuzilinganisha nakala aweza kujua ipi imetoka katika ipi: nakala zilizoachana zamani hupishana kwa mengi, na zilizoachana karibuni hupishana kwa machache. Kwa njia hiyo mtaalamu aweza kuchora mti wa ukoo wa kasa bila ya kulitazama gamba hata moja.

Mwaka 1992 Brian Bowen na wenzake walitangaza mti wa namna hiyo kwa kasa wa kijani wa dunia nzima. Ulikuwa na matawi makubwa mawili: moja la Atlantiki pamoja na Mediterania, na la pili la Bahari ya Hindi pamoja na Pasifiki. Kasa mweusi hakuonekana na tawi lake la peke yake. Alikuwa kijiti ndani ya tawi la pili. Mwaka 1999 Stephen Karl na Bowen walirudi na ushahidi zaidi, ukiwamo ule wa kiini cha chembe, na hukumu haikubadilika. Maana yake ni hii: kwa damu, kasa mweusi yu karibu zaidi na kasa wa kijani wa Pasifiki kuliko vile hao wa Pasifiki walivyo karibu na wa Atlantiki. Kumtenga yeye na kuwaacha wengine wote chini ya jina moja ni sawa na kumtoa ndugu mmoja katika nyumba kwa sababu ya weusi wake, kisha kuwaandika nduguze waliobaki pamoja na binamu zao wa ng'ambo kuwa watoto wa baba mmoja.

Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa habari ya vitabu tu. Lakini Karl na Bowen waliuliza swali lililowachoma wengi. Ikiwa ushahidi wa jina ni dhaifu, kwa nini jina ladumu? Jibu lao lilikuwa kwamba jina lilikuwa likishikiliwa na siasa na mipaka ya nchi, na haja ya hifadhi, kuliko maumbile yenyewe. Mwaka ule ule Peter Pritchard, mtaalamu mashuhuri wa kobe na kasa, alijitokeza kumtetea kasa mweusi, akishikilia kwamba tofauti za umbo lake ni dhahiri mno kutupwa. Hapo ndipo palipozaliwa swali la maadili lililo kubwa kuliko kasa: Je, ni halali kulishika jina lenye shaka kwa kuwa jina hilo laokoa uhai?

Wenye kusema ni halali wana hoja nzito, wala si haki kuwadharau. Kasa mweusi aliangamizwa kwa wingi katika karne ya 20, mayai yake yakachukuliwa kwa magunia na wakubwa wake wakachinjwa kwa nyama na ngozi. Sheria za nchi nyingi zimeandikwa kwa majina ya aina za wanyama. Fedha hutolewa kwa aina iliyo karibu kutoweka, wala si kwa kijiji cha aina iliyo nyingi mahali pengine. Mwenye kumwondolea kasa mweusi jina lake aweza kuwa amemwondolea mlinzi wake. Na ikiwa hasara ya kukosea upande huu ni wino kidogo tu kitabuni, na hasara ya kukosea upande wa pili ni fukwe tupu milele, mwenye busara atachagua lipi? Wao husema kwamba shaka, kama ilivyo katika mahakama za wanadamu, yapasa kumfaidi aliye dhaifu.

Hoja hiyo yazidi nguvu mtu akikumbuka habari za kasa mwingine, wa Ghuba ya Mexico. Wavuvi wa Florida walimwita mwana haramu, wakidhani kwamba amezaliwa na kasa wa aina mbili zisizooana. Mwaka 1880 Samuel Garman alimpa jina la heshima, ambalo leo huandikwa Lepidochelys kempii, kwa ajili ya Richard Kemp wa Key West aliyempelekea vielelezo. Hata hivyo shaka haikuisha, maana afanana sana na ndugu yake mwenye rangi ya zeituni, Lepidochelys olivacea, aliyeenea katika bahari nyingi. Wataalamu hawakujua hata mahali atagapo, mpaka mwaka 1961 walipoiona filamu iliyopigwa mwaka 1947 katika ufuko wa Rancho Nuevo, Mexico. Katika filamu hiyo majike waliotaga kwa siku moja walikadiriwa kufika 40,000. Mwaka 1985 viota vyote vilivyohesabiwa vilikuwa 702. Mwaka 1991 shahidi wa damu alipoulizwa, alijibu kwamba huyu aliyetukanwa ni aina kamili, iliyoachana na nduguye zamani kuliko walivyoachana wale wa rangi ya zeituni wa bahari mbalimbali wao kwa wao. Basi shahidi yule yule aliyemnyima kasa mweusi jina ndiye aliyemthibitishia jina kasa wa Kemp. Na kama wanadamu wangengoja ushahidi huo kabla ya kumhurumia, yamkini pasingebaki wa kutolewa ushahidi.

Lakini yafaa mashahidi wote wawili wachunguzwe, kwa maana shahidi mwema naye hujua aliyoyaona tu. Umbo husema kweli, lakini husema mambo mengi kwa mara moja: husema ukoo, chakula, umri, jinsia, na taabu iliyompata mwenye umbo. Mwaka 2019 katika kisiwa cha Fernandina, Galápagos, alipatikana kobe jike mmoja mahali ambapo kwa zaidi ya miaka 100 ni dume mmoja tu aliyekuwa amepatikana, mwaka 1906. Gamba la dume lilikuwa limepinda juu kama tandiko la farasi. La jike halikuwa hivyo, kwa kuwa ukuaji wake ulikuwa umedumaa. Baadhi ya watu walidhani si wa ukoo mmoja. Mwaka 2022 ushahidi wa urithi ulitangazwa kwamba ni wa ukoo mmoja. Kinyume chake, katika kisiwa cha Santa Cruz, huko huko Galápagos, kobe wa mashariki na wa magharibi walihesabiwa kuwa aina moja. Mwaka 2015 walitenganishwa kwa ushahidi wa urithi, na wale wa mashariki wakapewa jina la Chelonoidis donfaustoi, kwa heshima ya Fausto Llerena, mlinzi wa hifadhi aliyewatumikia kobe kwa miaka mingi. Basi jicho laweza kuwatenga walio wamoja, na laweza kuwaunganisha walio wawili.

Shahidi wa damu naye ana mipaka yake. Sehemu ya DNA iliyotumiwa kwanza katika uchunguzi huu, ile ya mitokondria, hurithiwa kwa mama peke yake. Yenye kuisoma hiyo tu amesikia habari za bibi asisikie za babu. Tena mwaka 1992 John Avise na wenzake walionyesha kwamba kwa jamii ya kobe na kasa sehemu hiyo hubadilika polepole kuliko ilivyozoeleka kwa wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Saa iendayo polepole haifai kupimia mambo ya juzi. Yawezekana viumbe wawili wameanza kuachana, umbo likatangulia, na damu ikafuata nyuma kwa mwendo wake wa kobe. Kwa hiyo kunyamaza kwa damu si sawasawa na kukana kwake.

Ikiwa kila shahidi ana upungufu wake, mwenye haraka atasema: basi kila mtu na achague shahidi ampendaye. Hapo ndipo penye hatari, na hatari hiyo imeandikwa katika jina lenyewe la kasa mweusi. Agassizii ni kumbukumbu ya Louis Agassiz, mwanachuoni aliyezaliwa Uswisi na kufundisha katika Chuo cha Harvard. Alikuwa mjuzi wa kweli wa kobe na kasa; kitabu chake cha mwaka 1857 juu yao kilisifiwa sana. Lakini mtu huyo huyo alifundisha kwamba mataifa ya wanadamu yaliumbwa mbalimbali, na mwaka 1850 watumwa wa South Carolina walipigwa picha wakiwa uchi ili maumbo yao yatumiwe kuwa ushahidi wa fundisho hilo. Alikuwa na jicho kali, tena alikuwa na elimu. Alilokosa ni utayari wa kuusikiliza ushahidi usiopatana na alilotaka kuliamini. Umbo la mtu mweusi lilimwambia alilokuwa amekwisha kuliamua moyoni.

Mtu aweza kujibu kwamba Agassiz alipotosha kwa dharau, na watetezi wa kasa mweusi, hata wakikosea, hukosea kwa huruma. Tofauti hiyo ni kubwa, na haifai kufichwa. Walakini mlango ni mmoja. Elimu ikiisha kukubali kwamba jina laweza kutolewa kwa sababu ya faida yake, haitakuwa na neno la kumjibu atakayekuja kesho kuliondoa jina kwa sababu ya faida yake. Leo mwenye huruma ataongeza aina ili apate sheria ya kulinda ufuko. Kesho mwenye kutaka kujenga hoteli juu ya ufuko ule ataleta mtaalamu wake wa kupunguza aina. Wote wawili watakuwa wametumia mzani mmoja uliochezewa, na maskini kasa hatakuwa na mzani wa kweli wa kumtetea. Huruma iliyojengwa juu ya jina lenye shaka huanguka siku shaka ile ithibitikapo; na watu walioambiwa walinde kwa sababu hii ni aina ya pekee watauliza, baada ya kugundua kwamba si hivyo, kama walikuwa na sababu yoyote ya kulinda.

Basi kosa halikuwa katika kumhurumia kasa mweusi, wala katika kuisoma damu yake. Kosa lilikuwa la zamani kuliko hayo: ni kuifunga thamani ya kiumbe katika jina la aina yake, kana kwamba kisicho cha pekee hakina haki ya kuwapo. Kundi la kasa lirudilo kutaga katika ufuko mmoja likimalizika, ufuko ule hautajazwa upesi na kasa wa mbali, kwa kuwa jike hurudi karibu na mahali alipozaliwa. Kwa wakazi wa ufuko huo, na kwa bahari ya hapo, hasara ni kamili hata ikiwa kasa wa jina lile lile ni maelfu kwingineko. Mama aliyefiwa na mtoto hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba watoto bado ni wengi duniani.

Wapo walioufuata mwendo huu, nao hawakuhitaji kusema uongo. Mexico ilipopiga marufuku biashara ya kasa wa baharini mwaka 1990, iliwakinga kasa wake wote bila ya kungoja wataalamu wapatane juu ya jina. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 juu ya wanyama walio hatarini iliruhusu kulindwa kwa makundi mbalimbali ndani ya aina moja. Na mwaka 2016, kwa kuifuata sheria hiyo, kasa wa kijani wa dunia waligawanywa katika makundi 11, kila moja likahukumiwa kwa hali yake. Kundi la mashariki ya Pasifiki ni mojawapo. Hapo kasa mweusi alipata mlinzi bila ya kukopa jina la spishi. Na haja ya mwendo huo imezidi kuonekana tangu Oktoba 2025, Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile ulipomtoa kasa wa kijani, kwa hesabu ya dunia nzima, katika daraja la walio hatarini. Ni habari ya furaha, tunda la miaka mingi ya kulinda fukwe. Lakini hesabu ya jumla ni kama wastani wa mavuno ya nchi: yaweza kuwa njema hali kijiji kimoja kina njaa.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayepewa kazi ya kuwaainisha viumbe wafananao atakuwa na wajibu wa namna mbili, wala asiuchanganye. Katika kutoa jina, na apime gamba kwa unyofu, asome damu kwa unyofu, aseme mashahidi walipopatana na walipopingana, na asikubali moyo wake kuwa shahidi wa tatu. Katika kulinda, na aulize swali jingine kabisa: kiumbe huyu akiondoka hapa, nini kitakuwa kimepotea? Swali la kwanza laweza kuchukua miaka 100 na lisiishe, kama lilivyochukua kwa kasa mweusi. La pili halina nafasi ya kungoja, kwa sababu jike aliyekwisha kupanda ufukweni usiku kutaga mayai yake hajui kama ameitwa mydas au agassizii, na mtu mwenye kisu aliyesimama juu yake hajui pia.